Nani Atamudu Kusomea Picha na Filamu?

Imezuka miongoni mwa vijana wa Unguja, wa mjini na wa shamba, hamu kubwa ya kusomea kazi ya kupiga picha na kutengeneza filamu. Hamu hiyo si ya ajabu. Kijana wa leo amezungukwa na picha kila upande: katika simu yake, katika televisheni, katika harusi za jamaa zake na katika mahoteli ya pwani ambako ndugu zake wameajiriwa. Lililo la kustaajabisha ni kwamba mzazi anapofika maofisini kuuliza kazi hiyo husomwa wapi na kwa gharama gani, aghalabu hutajiwa ada ya chuo, kisha akaachwa aende zake. Naye huilinganisha ada hiyo na ya chuo cha pili, akachagua iliyo ndogo, akauza kipande chake cha shamba na kudhani kwamba amemaliza. Ndipo hesabu ya kweli inapoanza.

Tunataka leo kuifanya hesabu hiyo mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya wale waheshimiwa ambao hukaa mezani kupanga mikopo, ruzuku na mafunzo ya amali. Twaifanya kwa sababu suala hili limekuwa likipitishwa chini ya busati kana kwamba picha ni mchezo wa watoto.

Upigaji picha haukuja Zanzibar jana. Studio ya akina Gomes ilikuwa ikifanya kazi katika mji huu tangu karne ya kumi na tisa. Ranchhod Oza, aliyekuja kutoka Bara Hindi, alifanya kazi kwa akina Gomes kabla hajafungua duka lake mwenyewe, Capital Art Studio, mwaka 1930. Duka hilo la Shangani, ambalo baadaye liliendelezwa na mwanawe Rohit, limewapiga picha watu wa tabaka zote za mji huu, kutoka zama za Masultani mpaka zama za Mapinduzi. Tuzingatie namna ujuzi ulivyopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hapakuwa na ada wala fomu ya kujiunga. Kijana aliingia dukani kufagia, akapandishwa kubeba taa, akaingizwa chumba cha giza kusafisha picha, na baada ya miaka kadhaa akakabidhiwa kamera. Alilipa kwa jasho lake, na wakati huohuo alikula.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kupelekwa skuli tunaufahamu utaratibu wa namna hiyo. Mwalimu wa Kurani hakumrudisha mtoto kwa sababu mzazi wake hana kitu. Aliyekuwa nacho alitoa, na asiyekuwa nacho mwanawe aliteka maji na kufagia baraza, na wote wawili walikhitimu msahafu uleule. Hatusemi kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa mazuri. Fimbo zake twazikumbuka. Tunasema tu kwamba umaskini wa mzazi haukuwa kizuizi cha kwanza mlangoni.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Serikali. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo katika visiwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikaanzisha televisheni ya rangi, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa, na haikuwa nayo mpaka miaka ya 1990. Televisheni ile ilihitaji wapiga picha, wahariri na mafundi wa taa, nayo iliwafunza ikiwa imekwisha kuwaajiri. Mwanafunzi wa namna hiyo hakuulizwa ataishi kwa nini, kwa kuwa alikuwa na mshahara.

Milango yote miwili imepungua upana. Kamera za kidijitali ziliua chumba cha giza, na pamoja nacho zikaua kazi ndogondogo zilizomlisha mwanagenzi. Kwa upande wa Serikali, Shirika la Utangazaji Zanzibar, lililoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha redio na televisheni, ni chombo cha zama za vyeti, ambamo mtu hutarajiwa kuingia akiwa tayari amefunzwa. Basi gharama ambayo zamani ilibebwa na mwenye duka au na dola imehamia mabegani mwa mzazi. Hii ndiyo mabadiliko kubwa ya nusu karne hii katika taaluma ya picha, na ilitokea kimyakimya bila ya kutungiwa azimio lolote.

Tuviangalie sasa vyuo vyenyewe.

Hapa nyumbani, kilichokuwa Chuo cha Uandishi wa Habari Zanzibar kimeingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Hilo ni jambo jema, ila kamera inayofundishwa katika masomo ya habari ni mtumishi wa habari. Kijana anayetaka kutunga filamu, kuelekeza waigizaji au kuusomea mwanga wa picha za mnato hutazama ng'ambo ya bahari. Huko huikuta Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo mizizi yake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na ambayo siku hizi imeongeza filamu katika mafunzo yake ya sanaa za maonesho. Hukikuta pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye shahada ya filamu na televisheni. Vyote viwili ni vya umma. Ada ya masomo ya sanaa katika chuo kikuu cha umma, kwa raia, imekuwa ikizunguka shilingi milioni moja na kitu kwa mwaka.

Milioni moja! Mkubwa aliyekaa ofisini atasema hiyo si fedha ya kulilia. Lakini wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 2024 kwa sekta binafsi hapa Zanzibar ni shilingi 347,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka mzima ni shilingi 4,164,000. Mlinzi wa hoteli mwenye kima hicho, akikilipa chuo milioni moja, ametoa karibu mshahara wa miezi mitatu, na bado hajanunua hata kibaba cha unga.

Na ada, tunarudia, ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo. Mwaka wa masomo wa 2022/23 posho ya chakula na malazi ya wanafunzi wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Muungano ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tuichukue takwimu hiyo ya Serikali kuwa kipimo cha chini cha maisha ya mwanafunzi. Kwa miezi minane ya masomo, yaani siku 240, inafika shilingi 2,400,000, zaidi ya maradufu ya milioni ile tuliyoianza. Mwanafunzi aliyezaliwa Sinza au Kinondoni huupunguza mzigo huu kwa kulala kwa wazazi wake. Mwanafunzi wa Nungwi au wa Makunduchi hawezi, bali huongeza nauli ya boti kila likizo. Vijana wawili wa taifa moja, wenye ada moja, wanalipa gharama mbili tofauti.

Kisha kuna zana. Anayesomea sheria huazima kitabu maktaba, na anayesomea ualimu hujitosheleza kwa kalamu na madaftari. Anayesomea picha anahitaji kamera, na kamera mpya ya kuanzia, ya Canon au Nikon, pamoja na lenzi yake moja, haipatikani kwa chini ya milioni moja. Kompyuta mpya inayoweza kuhariri video bila ya kukwama hupita milioni moja na nusu. Bado hatujataja kipaza sauti, mguu wa kamera, taa, kadi na diski za kuhifadhia kazi. Kwa hesabu yetu, mwanafunzi wa Unguja anayekwenda Dar es Salaam akinunua zana zake mwenyewe hupitisha shilingi milioni sita katika mwaka wake wa kwanza. Fedha hizo zinaushinda mshahara wa mwaka mzima wa yule mlinzi tuliyemtaja, hata asile wala asivae.

Atasema msomaji kwamba chuo kina kamera zake. Ndiyo, vinazo. Lakini kamera moja inayogawanywa kwa wanafunzi wengi hufundisha kupanga foleni. Ufundi wa jicho hupatikana kwa kupiga picha elfu, ukaziona kasoro zake, ukapiga elfu nyingine. Asiye na chombo chake hushika kamera siku ya zoezi na siku ya mtihani, na tofauti yake na mwenzake huonekana mapema. Hapa ndipo umaskini unapojigeuza na kuitwa ukosefu wa kipaji.

Nje ya mipaka yetu hali ni ya namna nyingi, na inafaa ijulikane kwa kuwa wapo mawakala wanaozunguka mjini wakiwapambia wazazi. Nairobi kipo Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1961 na chenye historia ndefu ya kufundisha filamu. Ni cha serikali, ila mji wenyewe ni ghali. Afrika ya Kusini, skuli ya binafsi ya AFDA hutoza zaidi ya randi laki moja kwa mwaka, ambazo ni kama shilingi milioni kumi na nne. Chuo Kikuu cha New York hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Tukiikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 150: mshahara wa kima cha chini wa miaka 36, kwa mwaka mmoja wa masomo. Kwa upande mwingine, skuli maarufu ya filamu ya FAMU mjini Prague haitozi ada kwa anayesoma kwa lugha ya Kicheki, hata akiwa mgeni, kwa sababu ndiyo sheria ya vyuo vya umma vya nchi ile. Anayesoma kwa Kiingereza hulipa. Kijana mwenye subira ya kujifunza Kicheki ana njia ambayo wakala hatamtajia, maana wakala hana kamisheni ndani yake.

Tuitaje na Cuba, rafiki wa zamani wa visiwa hivi. Mwaka 1986 ilianzishwa karibu na Havana, katika San Antonio de los Baños, skuli ya kimataifa ya filamu na televisheni, kwa juhudi za Gabriel García Márquez na wenzake na kwa msaada wa serikali ya Fidel Castro. Ilikusudiwa kwa vijana wa Amerika ya Kusini, Afrika na Asia, nao walisoma bure. Baadaye dhiki ya uchumi iliilazimisha skuli hiyo kutoza ada. Burkina Faso nayo ilianzisha taasisi ya filamu mjini Ouagadougou mwaka 1976, ikaifunga mwaka 1987. Nchi ile ina tamasha kubwa kabisa la filamu barani Afrika, na bado chuo kiliishinda. Yafaa waheshimiwa wetu wakumbuke hayo kabla ya kutuahidi jengo.

Jengo silo tunaloomba. Zanzibar ina tamasha lake la filamu, lililoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ambalo kwa miaka mingi liliwakusanya watu Ngome Kongwe na kuandaa warsha za vijana. Maabara ya filamu ya Maisha, iliyoanzishwa Kampala na Mira Nair mwaka 2004, iliwahi kuleta mafunzo yake mpaka hapa, na waliochaguliwa hawakulipa kitu. MultiChoice ilipofungua akademia yake ya Nairobi mwaka 2018, ilichukua vijana 20 kutoka nchi za eneo hili na kuwagharimia mwaka mzima. Tunawashukuru wote. Lakini vijana 20 kwa nchi kadhaa ni wangapi kwa Unguja? Na warsha ya wiki mbili, hata ikiongozwa na bingwa, ni ngoma ya watoto, haikeshi. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambacho tangu mwanzoni mwa karne hii kimefufua taarabu na kuwalea wanamuziki ambao mji huu unajivunia, kilijikuta mwaka 2019 kikipiga kelele kwamba kiko ukingoni mwa kufungwa, baada ya wafadhili kupungua na wanafunzi wake wengi kushindwa kulipa hata ada ndogo ya mwezi. Ikiwa muziki, ambao ni roho ya Mji Mkongwe, ulifika hapo, filamu itapona kwa lipi?

Wapo watakaotupinga kwa hoja nzito. Watasema hospitali zinataka wauguzi na madarasa yanataka walimu wa hisabati, basi fedha ya umma isitumike kwa mapicha. Hoja hiyo tunaiheshimu, ila inachukulia kwamba picha ni anasa isiyoleta tonge. Mwaka 2023 walifika Zanzibar watalii zaidi ya 600,000. Kila hoteli iliyowapokea ilitangazwa kwa picha na video, na hazikupigwa bure. Harusi za wageni ufukweni zina wapiga picha wake, wanaolipwa kwa dola. Fedha hiyo imekwisha kuingia katika uchumi wetu. Kinachobishaniwa ni nani anayeipokea. Mara nyingi anayeipokea ameshuka bandarini na begi lake asubuhi, na jioni anaondoka nalo.

Lipo na jambo ambalo wanaume tunaopanga mipango hulisahau. Shughuli za wanawake, kama kupamba, haziingii mwanamume, na kwa hiyo mpiga picha wake lazima awe mwanamke. Soko hilo lipo kila wiki, mjini na shamba. Na binti ndiye hasa ambaye wazazi wake husita kumpeleka kuishi peke yake Dar es Salaam, jambo ambalo halimo katika orodha yoyote ya ada. Akipata mafunzo yake Mwanakwerekwe au Mkokotoni, atalala kwao na atafanya kazi ambayo kaka yake haruhusiwi kuifanya.

Ni kweli pia kwamba picha ni kumbukumbu ya umma. Sehemu kubwa ya picha za kale za pwani yetu zimo katika mkusanyo wa Winterton, katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kupigwa katika vichochoro vyetu, ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto. Muongozaji wake, Amil Shivji, ni Mtanzania hodari tunayempongeza, na taaluma yake aliisomea Canada. Hatulaumu. Tunauliza tu ni kijana gani wa Ng'ambo mwenye riwaya kichwani ambaye baba yake angeweza kumpeleka huko.

Turudi kwenye mikopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, imewasaidia maelfu, lakini kama jina lake linavyosema iliundwa kwa kumkusudia mwanafunzi wa elimu ya juu. Upande wa Bara, mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka 2023, iliwekewa fani za kipaumbele kama afya, uhandisi na kilimo. Filamu haikuwamo. Matokeo yake ni kinyume cha akili: kijana hukopeshwa akienda kusoma nadharia ya filamu kwa miaka mitatu, na hunyimwa akitaka kujifunza kushika kamera kwa mwaka mmoja, ilhali huu wa pili ndio unaomtia kazini upesi na kumwezesha kulipa deni.

Isisemwe kwamba Zanzibar haiwezi kukaribisha elimu ya gharama. Mwaka 2023 tulifunguliwa Bweleo tawi la taasisi ya teknolojia ya Madras, ambalo ada ya shahada yake ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 kwa mwaka. Ni fahari, na hatuipingi. Lakini ada ya mwanafunzi mmoja wa Bweleo kwa mwaka mmoja, kwa kipimo chetu cha shilingi 2,500, ni milioni 30. Fedha hiyo ingenunua kamera ishirini za kuanzia, na zikabaki fedha za taa na vipaza sauti.

Kamera ishirini si jambo dogo. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi, vyenye majengo, umeme na walinzi. Somo la picha na video la miezi tisa linaweza kuanza katika kimojawapo bila ya kuchimba msingi wowote, zana zikawa za kuazimwa kama vitabu, kwa dhamana ya sheha wa shehia ya mwanafunzi. Shirika la Utangazaji lichukue wanagenzi kwa posho, japo ya nauli na chakula, kama ilivyokuwa katika miaka ya televisheni ya kwanza. Na wale mafundi wa harusi waliojifunza wenyewe, ambao wako wengi kuanzia Darajani hadi Amani, wapimwe ujuzi wao na wapewe vyeti, kama mamlaka ya ufundi stadi ya Bara inavyowafanyia waashi na mafundi magari, ili nao waweze kufundisha na kupata zabuni za Serikali.

Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni linatambulika zaidi kwa kukagua filamu na kutoa vibali. Tungependa litambulike pia kwa karatasi moja, itakayobandikwa katika kila skuli ya sekondari ya Unguja na Pemba kabla fomu za vyuo hazijatoka. Karatasi hiyo iwe na majina ya vyuo vya picha na filamu vya Afrika Mashariki, na mbele ya kila jina iandikwe ada, malazi, nauli ya boti au basi, bei ya zana na miezi ya masomo, halafu jumla yake kwa shilingi, ikiwa na mhuri na tarehe ya kuhakikiwa.